Kaa wa Jomvu Kuu

Nimekuwa kimya kwa muda, na wengine mmeanza kuuliza kama nimeacha kompyuta nikaenda kuvua samaki. Sijaacha. Ila leo hakuna PHP, hakuna hifadhidata, wala hakuna mafunzo ya hatua kwa hatua. Leo ni karatasi tu. Najua wapo watakaokimbia hapa hapa na wala siwalaumu, lakini mkivumilia mtaona kompyuta imo, tena imo sana. Aibu yangu pia imo.

Mambo yalianza mkataba wangu ulipokwisha. Nilikuwa naandika programu ya kufuatilia makontena kwa kampuni fulani mjini, na asubuhi moja tukaambiwa kazi imefika mwisho, asanteni, rudisheni vitambulisho vya mlangoni. Nikarudi nyumbani kwa mamangu Jomvu Kuu. Kwa asiyepajua: ukitoka kisiwani kwa barabara ya Nairobi unapita Changamwe, unapita Mikindani, na kabla hujafika Miritini unakata mkono wa kulia, unaacha kelele za malori nyuma, unateremka mpaka unaona mikoko na hori ya Tudor. Ni mji wa zamani. Wajomvu wamo katika Tisa Taifa za Waswahili wa Mombasa, na wazee wa hapa hawapendi ukisema Jomvu ni kitongoji cha Changamwe (eneo bunge lenyewe lilitengwa na Changamwe kuanzia uchaguzi wa 2013, kwa hiyo wazee wameshinda).

Basi mtu aliyezoea kukaa mbele ya skrini saa kumi kwa siku, ukimnyang'anya kazi, mikono yake haijui iende wapi. Mimi yangu ilianza kukunja risiti. Halafu bahasha za kaki. Halafu nikakumbuka kuwa zamani chuoni niliwahi kusoma kuhusu Robert Lang, yule mwanafizikia Mmarekani aliyeacha kazi ya utafiti mwaka 2001 ili akunje karatasi maisha yake yote. Nikafikiri, kama yeye aliacha kazi kwa hiari, mimi niliyeachishwa nina udhuru zaidi!

Nilianza na tembo, kama kila mtu. John Montroll ana kitabu kizima cha wanyama wa Afrika wa karatasi, kilitoka 1991, na nadhani kimewafundisha watu wengi duniani kuwa tembo si mgumu: mkonga ni kona moja ya karatasi, mkia ni kona ya pili, miguu na masikio unayatafuta katikati. Tembo wangu wa kwanza alifanana na kiatu. Wa kumi alifanana na tembo aliyekalia kiatu. Kufika wa thelathini, mtoto wa jirani alimtazama akasema "ndovu" bila kuambiwa, na nawaambieni, hata siku programu yangu ya kwanza ilipofanya kazi sikufurahi hivyo.

Sasa nieleze kwa nini mtu wa kompyuta anapotea humu asirudi. Sheria za mchezo ni chache mno: karatasi moja ya mraba, bila mkasi, bila gundi. Mikunjo ni ya aina mbili tu, wa mlima na wa bonde. Moja na sifuri! Halafu kuna kanuni. Mjapani Jun Maekawa alionyesha kuwa kwenye nukta yoyote ndani ya karatasi ambapo mikunjo inakutana, ukitaka kitu kilale bapa, basi tofauti kati ya idadi ya milima na mabonde ni 2 daima. Si 1, si 3. Mwenzake Toshikazu Kawasaki akaja na nyingine: hesabu pembe zinazozunguka nukta hiyo, chukua moja ruka moja, jumla yake lazima iwe nyuzi 180. Kata karatasi ya daftari ujaribu mwenyewe. Nilikaa usiku mzima wa kukatika stima, na tochi mdomoni, nikihesabu milima na mabonde kwenye tembo aliyekunjuliwa, na kila nukta ilikubali.

Ukishaona hayo utadhani basi kompyuta itamaliza kila kitu. La. Mwaka 1996 Marshall Bern na Barry Hayes walithibitisha kuwa kumpa mtu mchoro wa mikunjo na kumuuliza "je, hii itakunjika ikalala bapa?" ni swali lililomo katika kundi lile la matatizo magumu ambayo hakuna anayejua njia ya haraka ya kuyatatua. Yaani nukta moja moja zinaweza kuwa sawa zote, na karatasi nzima ikagoma kwa sababu tabaka moja linataka kupita ndani ya jingine. Mliowahi kuunganisha moduli tano, kila moja imejaribiwa na imepita, halafu mfumo mzima ukaanguka siku ya kumwonyesha mteja, mnaelewa ninachosema.

Haya. Nikaingia tamaa ya kubuni wa kwangu. Na mnyama gani? Ukishuka pale mikokoni maji yakitoka, matope yote yanatembea. Vile vikaa vidogo, dume lina gando moja kubwa karibu ukubwa wa mwili wake na jingine dogo kama la kuazima, linapunga lile kubwa kama anayeita matatu. Nimewatazama tangu utotoni. Lang mwenyewe ameshawahi kumkunja kaa wa jamii hiyo, kwa hiyo sikuwa wa kwanza duniani, lakini mchoro wake sikuutazama makusudi. Nilitaka wangu, kutoka tope la hapa.

Lang aliandika programu inayoitwa TreeMaker, alianza nayo miaka ya 1990, na ni ya bure na kodi yake iko wazi. Unaichorea mnyama wako kama vijiti: mwili huu, mguu huu urefu huu, gando urefu huu. Yenyewe inakupangia kwenye mraba na kukutolea mchoro wa mikunjo. Ukitaka kujua inafanya nini ndani, fikiria sinia na sahani. Kila kiungo cha mnyama ni sahani ya duara, na urefu wa kiungo ndio nusu kipenyo cha sahani. Sinia ni karatasi yako. Panga sahani zote zisipandane. Kitovu cha kila sahani lazima kibaki juu ya sinia, lakini sahani yenyewe inaweza kutokeza nje. Ndiyo maana kona ni mali: sahani iliyowekwa kwenye kona inakula robo tu ya eneo lake, ya ukingoni inakula nusu, ya katikati inakula yote. Kaa wangu alihitaji sahani 12: miguu minane, magando mawili, macho mawili ya kusimama juu ya vijiti.

Nikafanya alivyofanya kila mhandisi mvivu tangu dunia iumbwe. Nikaiambia programu pande mbili zilingane. Mguu wa kulia sawa na wa kushoto, gando sawa na gando. Hesabu inakuwa nyepesi nusu nzima. Halafu, nikasema, gando moja nitalipunguza kwa kulikunja ndani mara kadhaa. Nani atajua?

Karatasi ilijua. Lile gando la kupunguzwa liligeuka fundo. Tabaka juu ya tabaka, nene kama ulimi wa mkanda, na kila nilipolibana lilichanika begani. Nikaharibu karatasi za kaki, zile za kufunikia vitabu vya shule, bunda zima. Nikajaribu karatasi laini ya kufungia zawadi, ikawa laini mno, haishiki mkunjo. Wakunjaji wa nje wanaipaka karatasi laini unga maalumu wa selulosi na kuigandisha juu ya jaribosi, wanapata kitu chembamba kinachokaa unavyokiweka. Huo unga niliuliza maduka ya Changamwe mpaka kisiwani, wananitazama tu.

Mamangu anauza sambusa. Sijataja hilo kwa aibu bali kwa sababu ndilo lililokuwa likitulisha miezi hiyo, na yeye alikuwa akiniona kutwa nakunja makaratasi mezani pake. Jioni moja akasimama nyuma yangu.

"Mwanangu, wewe hukunji. Wewe wapigana."

"Mama, hii ni nene."

"Wabonyeza mno. Manda ukiyabonyeza hivyo yapasuka."

Akakaa. Kwa mara ya kwanza nikamtazama mamangu akikunja sambusa, nikasema kumtazama kweli. Ukanda wa manda, kona kwenda ukingoni, pembe tatu, geuza, mfuko, jaza, geuza, funga. Macho yake yako kwenye televisheni. Vidole havibani, vinasindikiza tu, na mkunjo unakaa pale unapotaka kukaa. Na mwisho anachovya kidole kwenye bakuli la unga wa ngano uliokorogwa na maji, anapaka ncha, basi imefungwa haifunguki hata ndani ya mafuta ya moto.

Nikalitazama lile bakuli.

Usiku ule nilikoroga unga wa ngano jikoni, nikauchemsha kidogo mpaka ukawa laini bila madonge, nikapaka kwa burashi kwenye jaribosi, nikalaza karatasi laini upande huu na upande huu, nikaanika ukutani. Asubuhi nilikuwa na karatasi bora kuliko zote nilizowahi kushika. Baadaye nikasoma kuwa Wajapani nao wamegandisha karatasi zao kwa gundi ya ngano karne na karne. Mamangu nilipomwambia alisema, "Kwani wao hawali sambusa?"

Matatizo ya pwani lakini hayaishi. La kwanza unyevu. Mtu wa Nairobi anakunja kitu anakiweka kabatini, mwaka ujao kiko vile vile. Hapa, zikija mvua za mwezi wa nne na wa tano, wanyama wanafunguka usiku kama maua. Unaamka tembo amelala chali. Akira Yoshizawa, mzee wao wote hawa, aliyefariki 2005 siku aliyotimiza miaka 94, ndiye aliyebuni kukunja karatasi nene ikiwa na unyevu kidogo ili ikikauka ikae kama kuchongwa. Nikajaribu. Inakauka lini hapa kwetu? Nikaishia kuwaanika nyuma ya kompyuta, pale feni inapotoa hewa ya moto, na hiyo ndiyo kazi ya maana pekee iliyofanywa na ile mashine miezi hiyo. La pili mende. Gundi ya unga ni chakula! Kaa wangu wa kwanza mzuri nilimkuta hana macho wala miguu mitatu. Mwalimu mmoja mstaafu, nitamtaja tena, ndiye aliyeniambia kuwa wajalidi wa vitabu wa zamani walitia shabu kwenye gundi yao. Nikatia. Mende wamepungua. Najua shabu ina tindikali na karatasi itageuka manjano baada ya miaka, lakini kaa wa matopeni hahitaji kuishi kama msahafu.

(Huyu Yoshizawa, kwa kupitia tu: kabla dunia haijamjua aliacha kazi ya kiwandani, akaishi miaka mingi kwa kuuza kitoweo nyumba hadi nyumba huku akikunja usiku. Alishapita miaka 40 gazeti moja la picha la Japani lilipomtafuta awakunjie wanyama wa nyota 12. Na ile lugha ya mishale na mistari ya vidoto inayotumiwa leo kwenye vitabu vyote vya kukunja, imetokana na yake. Mamangu nilimsomea habari hii yote. Aliuliza tu kama alikuwa na mke.)

Sasa nifike kwenye aibu.

Jumapili alasiri tulianza kukutana barazani kwetu. Sikuita mtu. Fundi wa masofa wa njia panda aliona tembo dirishani akaja kuuliza, na huyu ni mtu anayekata kitambaa cha kochi bila kupima, kichwani mwake kila kitu kiko bapa tayari. Akaja mwalimu mstaafu wa hesabu, yule wa shabu. Akaja muuguzi mmoja wa Mikindani ambaye hukunja ndege wadogo zamu ya usiku ikiwa shwari. Na watoto, maana hakuna baraza bila watoto. Tulijiwekea sharti moja: ukija, njoo na ulichomaliza na ulichoharibu. Vilivyoharibika vinawekwa katikati, tunavifungua, tunatafuta vilipokosea. Nyinyi mnaojua kazi ya kupitiana kodi mtaona ni kitu kile kile, isipokuwa hapa kuna chai na hakuna anayekasirika.

Katika watoto alikuwapo binti mmoja wa gredi ya sita. Mkimya. Anakaa mwisho wa baraza anakunja kwa karatasi tunazotupa. Jumapili moja nikaweka katikati kaa wangu wa ishirini na kitu, gando limepasuka begani kama kawaida, nikaanza kuwaeleza kuhusu ulinganifu na sahani. Mwalimu anatikisa kichwa. Fundi anasema punguza tabaka, nasema nitapunguzaje. Yule binti akaivuta karatasi, akaifungua yote, akaigeuza ikae kama almasi, kona moja inamtazama yeye. Akaweka kidole kwenye makutano ya mikunjo, pale katikati kabisa, halafu akakisogeza juu kidogo kwenye mstari wa kona hadi kona.

"Anko, kwa nini waanzia katikati? Anzia huku. Kona ya chini itakuwa ndefu yenyewe."

Akakunja palepale. Kona iliyoachwa mbali na makutano ikatoka ndefu, nyembamba, safi, haina fundo. Gando kubwa. Na kona ya upande wa pili, iliyobanwa karibu, ikatoka fupi. Gando dogo. Hakuna kilichofichwa ndani, hakuna karatasi iliyopotea. Mimi nilikuwa nimelinganisha pande mbili halafu natumia nguvu zote kuuvunja ulinganifu nilioutia mwenyewe. Yeye hakuutia tangu mwanzo.

Nilirudi ndani nikapanga upya kwenye TreeMaker, gando kubwa peke yake kwenye kona, miguu kwenye kingo za kushoto na kulia, macho katikati. Ilinichukua wiki tatu. Kazi ilikuwepo, nisijidharau: mizani ya miguu, urefu wa macho, mpangilio wa tabaka, yote hayo nilihangaika nayo mimi. Mwisho nikapata kaa wa sentimita saba kutoka mraba wa sentimita 35, ananyanyua gando kama wale wa kule chini. Nikampiga picha juu ya tope halisi, mzizi wa mkoko nyuma yake.

Nina wenzangu wachache wa mbali, Nairobi na nje ya nchi, tunatumiana picha za tulipofikia. Nikawatumia, pamoja na mchoro wa mikunjo nilioutengeneza vizuri, mistari myekundu ya milima, ya buluu ya mabonde. Pale chini kona ya kulia nikaandika kama wanavyoandika wote: kaa wa Jomvu Kuu, amebuniwa na, halafu jina langu. Moja. Sifa zikaja. Mmoja aliandika kuwa wazo la kusogeza makutano kwenye mstari wa kona ni la mtu anayefikiri kwa mikono. Nikashukuru! Nikajibu "asante" na alama ya tabasamu.

Siwezi kusema nilisahau. Ningependa kusema nilisahau. Nilipokuwa naandika lile jina nilifikiri, ah, ni mtoto, alisogeza kidole tu.

Jumapili nikachapisha nakala nikawagawia pale barazani. Yule binti akaisoma karatasi yake kuanzia juu mpaka chini. Akafika chini. Hakusema neno. Akaikunja mara mbili, vizuri, kingo juu ya kingo, akaiweka juu ya vilivyoharibika, akaenda zake. Jumapili iliyofuata hakuja. Iliyofuata tena hakuja.

Kinachouma ni kuwa mimi ndiye niliyekuwa nawasimulia hao hao barazani kesi ya 2011. Wakunjaji sita, Lang mmoja wao, na Kawasaki wa ile kanuni ya pembe mwingine, walimshtaki mchoraji Sarah Morris huko Marekani, wakidai kuwa amechukua michoro yao ya mikunjo, akaipaka rangi na kuifanya picha zake bila kuwataja. Walimalizana 2013 nje ya hukumu, na makubaliano yakawa majina ya wabunifu yatajwe. Nilikuwa naisimulia kwa ukali! Nikagonga na meza. Na kazini miaka yote mimi ndiye mlalamishi wa majina. Kwenye Git kila badiliko lina jina la aliyelifanya, hata akiwa amebadilisha herufi moja iliyookoa seva nzima, na niliwahi kununiana na mwenzangu mwezi mzima kwa sababu aliunganisha kazi yangu ndani ya yake, jina langu likapotea. Herufi moja naidai. Kidole cha mtoto sikukihesabu.

Fundi wa masofa ndiye aliyenisema, tena bila kunitazama, anakunja vitu vyake. "Mimi kuna kochi nilibuni, sasa linauzwa barabara nzima mpaka Miritini. Silalamiki. Lakini mwenye duka la kwanza lile nikipita simsalimii."

Nyumbani mamangu alikuwa ameshapata habari, maana Jomvu Kuu haina siri. Aliniuliza swali moja: "Gundi je? Umeandika ni yako pia?"

Nikaenda kwao jioni. Nilipiga hodi nikakaribishwa na mamake, akaniletea kiti uani, akamwita binti. Nikasema niliyokuja kusema. Nimezoea kuomba radhi kwa barua pepe, "samahani kwa usumbufu uliojitokeza," lakini mbele ya mtoto wa gredi ya sita aliyesimama na vitabu vya kazi ya nyumbani kifuani maneno hayo hayasaidii. Nilisema: wazo lilikuwa lako, nililiandika langu, nilijua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza wale watu wa mbali wameshaambiwa? Nikasema bado. Akasema, "Waambie kwanza."

Niliwaandikia usiku ule ule, mmoja mmoja, pamoja na yule aliyesifu mtu anayefikiri kwa mikono. Nilimwambia mtu huyo yuko gredi ya sita. Wawili walijibu kwa uungwana. Mmoja hajajibu mpaka leo, na namwelewa.

Mchoro mpya una majina mawili, lake la kwanza, langu la pili. Hapa silitaji kwa sababu mamake hataki jina la mtoto litembee ovyo kwenye mtandao, na kwa hilo nakubaliana naye mia kwa mia. Kwenye karatasi lipo. Chini yake kuna mstari mdogo unaosema gundi ni ya mamangu. Mamangu amebandika nakala yake ndani ya mlango wa kabati la unga.

Kazi nimepata kidogo, mfumo wa kuhesabu mali wa duka moja la vipuri, hautanitajirisha ila sasa karatasi nanunua kwa pesa zangu. Na yule binti alirudi Jumapili ya nne. Hakuja kwa kuchekacheka. Alikuja na kaa wetu aliyemkunja kwa kaki, akaniweka wazi kuwa gando nimelitia upande wa kulia tu, na wale wa matopeni wapo wa kulia na wapo wa kushoto. Nilitaka kubisha. Tukashuka mikokoni baraza zima, viatu mkononi, fundi akihesabu upande mmoja, mwalimu upande mwingine. Wapo wa kulia na wapo wa kushoto. Basi mchoro una kurasa mbili sasa, mmoja kinyume cha mwenzake kama kwenye kioo, kazi ya sekunde moja kwenye kompyuta, na mimi sikuwa nimeifikiria.

Wiki hii anataka kaa jike. Nikamwambia huyo ni rahisi, magando yote mawili madogo, hata ulinganifu wangu wa zamani unarudi. Akanitazama kama mamangu anavyonitazama. "Anko, jike ana mayai tumboni." Nimekaa siku tatu na sinia langu na sahani zangu, na mayai sijapata pa kuyaweka. Jumapili nitakwenda na kilichoharibika tu.